Mkeka Umetoka, Je, Kazi Umeikabidhi?



Kuna usiku ambao watu wetu hawalali mapema: ule ambao tetesi zinasema mkeka unatoka. Kuanzia Kahama hadi Katoro, simu zinapita mkono kwa mkono, watu wakitafuta majina. Nani ameteuliwa, nani amehamishwa, nani uteuzi wake umetenguliwa. Asubuhi tunawapongeza wapya na kuwacheka walioondoka. Leo nakuomba tutazame jambo ambalo mkeka hauliandiki: kazi iliyobaki mezani.

Sisi wa Shinyanga na Geita tunalijua hili kupitia dhahabu. Januari 2015 Profesa Sospeter Muhongo alijiuzulu uwaziri wa Nishati na Madini, akaingia George Simbachawene. Desemba mwaka huohuo Profesa Muhongo akarudi. Mei 2017, baada ya ripoti ya makinikia, akaondolewa. Julai sheria za madini zikarekebishwa na mrabaha wa dhahabu ukapanda kutoka asilimia 4 hadi 6, wizara ikiwa haina waziri kamili. Oktoba wizara ikagawanywa, na Madini akapewa Angellah Kairuki. Januari 2019 akaingia Doto Biteko, mbunge wa Bukombe. Hesabu mwenyewe: ndani ya miaka minne, kiti hicho kilibadili mwenyewe mara nne.

Siandiki haya ili kumnyooshea mtu kidole. Mwenye mamlaka ya kuteua anayo pia ya kutengua, na mabadiliko mengine ni ya lazima. Ila mfikirie mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, au mkulima ambaye shamba lake limefanyiwa uthamini. Ameeleza shida yake, ofisa ameielewa, jalada limefunguliwa. Kisha ofisa anahamishwa. Anayekuja anamwambia, "Mzee, hebu nieleze tangu mwanzo." Ofisa amelipwa posho ya uhamisho, mzee hana wa kumlipa miaka yake.

Kupokezana madaraka kunahitaji maandalizi. Marekani, rais mpya huapishwa 20 Januari na huwa na nafasi za kisiasa zipatazo 4,000 za kujaza; tangu 1963 wanayo sheria inayogharamia maandalizi hayo. Nasi tulijaribiwa Machi 2021. Rais Magufuli alifariki tarehe 17. Tarehe 19 Makamu wake, Samia Suluhu Hassan, akaapishwa. Katiba ilikuwa imeshasema nani anafuata. Chato ililia, na nchi ikaendelea.

Sasa fungua 1 Samweli sura ya 12. Samweli amezeeka, na watu wamedai mfalme kinyume cha ushauri wake. Angeweza kununa na kuondoka na siri za ofisi. Badala yake anasimama mbele ya umati na kuwataka waseme kama aliwahi kumnyang'anya mtu ng'ombe au punda, au kupokea rushwa. Kwa Msukuma, swali la ng'ombe halihitaji mhubiri wa kulifafanua. Watu wakashuhudia kwamba mikono yake ni safi. Kisha akaahidi kwamba ataendelea kuwaombea na kuwafundisha, ingawa uongozi umekwenda kwa mwingine. Hayo ndiyo makabidhiano: kwanza hesabu, kisha maombi.

Anayeingia naye amtazame Rehoboamu katika 1 Wafalme sura ya 12. Aliwadharau wazee waliomtumikia baba yake, akawasikiliza vijana wa rika lake. Makabila kumi yakamwacha.

Ndugu yangu, usidhani haya ni ya mawaziri peke yao. Wewe ni mweka hazina wa kwaya, mwenyekiti wa jumuiya, mzee wa kanisa, katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Uchaguzi wa viongozi ukipita, tunayaona: funguo zinafichwa, daftari la michango halionekani, akaunti ya benki inabaki na sahihi za waliotoka. Kiongozi mpya anaanza jengo lake huku msingi wa mwenzake ukiota majani. Na ndani ya msingi ule imo sadaka ya mama aliyeuza choroko zake ili nyumba ya Mungu isimame.

Basi wiki hii fanya mambo mawili. Kama una dhamana yoyote, liweke daftari lako sawa, ili ukiitwa kesho, mwingine aweze kuendelea pale ulipoishia. Na kama umeshaondolewa, mtaje kwa jina katika maombi yako yule aliyekalia kiti chako. Ni sala ngumu, lakini itakuonyesha kama ulichokipenda ni kazi ya watu au ni kiti.

Nakutakia Jumapili yenye baraka.