Tuache kusingizia kisiwa, tuangalie MTU

Wadau wa hosteli na wote mnaopita hapa, leo sina habari za foleni ya kantini wala bumu lililochelewa. Leo nina hasira. Nipo Mafia kwa mazoezi ya kufundisha, na nimechoka kusikia kila kitu kikigoma jibu ni hilohilo: "Ah, huku kisiwani bwana, mtandao ndivyo ulivyo." Uongo mtupu!

Shule moja hapa (jina silitaji) ina seva ndogo yenye mitihani iliyopita na video za masomo. Haitegemei intaneti hata kidogo. Seva, swichi na kompyuta zote ziko chumba kimoja. Akaja fundi, akaahidi kuongeza kasi. Akabadilisha MTU ya kadi ya mtandao kwenye seva kuwa 9000, na kwenye kompyuta za wanafunzi vilevile. Tangu siku hiyo mtoto anaingia, anaona orodha ya masomo, lakini akibonyeza video inazunguka tu mpaka kengele inalia. Fundi kuulizwa, kwanza akasingizia kisiwa, halafu akasema seva imechoka, nunueni nyingine. Kwa pesa ya nani? Ya wazazi wanaouza nazi na pweza!

Sasa tuelewane. MTU ni mzigo mkubwa kabisa unaoruhusiwa kwenye fremu moja. Kawaida ya Ethernet ni baiti 1500. Fremu jumbo, ambayo mara nyingi ni 9000, haimo kwenye kiwango cha IEEE 802.3, kwa hiyo kila mtengenezaji anaamua mwenyewe. Swichi nyingine zinaipitisha, nyingine hazitaki hata kuiona. Na swichi ikipata fremu inayoizidi, inaitupa kimyakimya, haimwambii aliyetuma. Ndiyo maana pingi ndogo inapita na video inakwama. Mtumbwi unapita maji yakipwa, jahazi lililoshehena linakaa mchangani. Mtu wa Kilindoni hahitaji digrii kulijua hilo.

Ushahidi? Laptop yangu, yenye 1500 yake, ilicheza video zilezile bila shida. TCP inapoanza mazungumzo, kila upande unataja kipande kikubwa unachoweza kupokea. Laptop ikataja baiti 1460, seva ikafuata. Hivi seva iliyochoka inachagua wa kumhudumia?

Kupima ni dakika moja. Kwenye Linux andika ping -M do -s 8972 kisha anwani ya seva. Kwenye Windows ni ping -f -l 8972. Kwa nini 8972? Kwa sababu baiti 20 za IP na 8 za ICMP zinajaza 9000. Isipojibu, jaribu 1472. Ikijibu hiyo na ile kubwa ikanyamaza, basi njia haipitishi jumbo. Mimi na mwalimu wa kompyuta tulipima, kubwa kimya, ndogo ikajibu. Tukarudisha 1500 kote, video zikacheza. Gharama: sifuri.

Najua wapo watakaosema jumbo inaongeza kasi. Sikatai. Kati ya seva na hifadhi ya data, pale ambapo kadi, swichi na kila kilichomo njiani kimewekwa sawa, inapunguza idadi ya fremu mara sita na kuipumzisha prosesa. Lakini pigeni hesabu: kwa 1500, katika kila baiti 100 zinazopita kwenye waya takriban 95 ni data yenyewe. Kwa 9000 ni 99. Kwa ajili ya hizo nne, darasa zima likae linatazama duara linazunguka?

Walimu watarajiwa wenzangu, kila siku tunaambiwa tumuulize mwanafunzi, "Umejuaje?" Basi fundi naye aulizwe hivyohivyo kabla ya kulipwa. Anayebadilisha namba bila kupima hajatengeneza kitu. Na anayekimbilia kulaumu kisiwa anafanya baya zaidi, maana mtoto wa Mafia anaondoka akiamini kwamba ubovu ni kwao, kumbe ubovu ulikuwa tarakimu nne kwenye mipangilio.

Nawasilisha. Mwenye hoja ya kupinga aje nayo, ila aje ameshapima!