Filamu Haizeeki: Dhidi ya Udhuru wa Wakati

Katika semina moja ya idara iliyofanyika muhula uliopita, mwenzetu mmoja, ambaye usomi wake tunauheshimu, alisimama akaitolea hukumu filamu ya The Gods Must Be Crazy kwa sentensi moja tu: kwamba alikuwa ameitazama upya wakati wa likizo na kuona kuwa "imezeeka vibaya". Waliohudhuria wakatikisa vichwa kukubali. Mwenzetu wa pili akamjibu kwa tabasamu kwamba ile ilikuwa filamu ya kuchekesha tu, kwamba sote tuliipenda tukiwa shuleni, na kwamba si vyema kuzipasua furaha za utotoni kwa kisu cha nadharia. Vichwa vikatikiswa tena, na vilikuwa vichwa vile vile. Kisha semina ikaendelea na mada nyingine.

Makala haya yanakusudia kuwarudisha wenzetu hao wawili kwenye viti vyao. Kauli zao, ingawa kwa juujuu zinaonekana kupingana, ni ndugu wa tumbo moja. Wa kwanza anautwika wakati mzigo ambao si wake. Wa pili anauficha mzigo huo huo chini ya kitanda cha utoto. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesema lolote kuhusu filamu yenyewe. Barazani maneno kama hayo hayana ubaya. Mtu aliyeitazama filamu ya zamani usiku, akaamka nayo asubuhi, ana haki ya kuwaambia jirani zake alivyoiona, nao wana haki ya kumbishia hadi kahawa iishe. Lakini idara ya fasihi si baraza, na mhakiki anayelipwa mshahara kwa kazi ya kuhakiki hawezi kujitosheleza na neno ambalo halikumgharimu kitu.

Tuanze na neno lenyewe, kuzeeka. Ngano yaweza kuzeeka. Fanani anapoona kwamba kipande fulani hakiwachekeshi tena wasikilizaji wake hukiacha au hukigeuza, na hivyo ngano hutembea na watu wake. Filamu haina fanani wa kuirekebisha. Picha zilizonaswa mwaka 1980 ndizo zizo hizo leo, katika mfuatano ule ule, na sauti zile zile. Ikiwa tuliyoyaona jana kuwa mazuri leo yanatuchukiza, basi kilichobadilika ni mtazamaji. Sentensi "filamu imezeeka" ina kiima kisicho chake, na katika uhakiki kosa la kiima si kosa la sarufi peke yake. Linamwondoa mtendaji. Linamwondoa aliyeitengeneza filamu, na linamwondoa aliyeketi mbele yake akacheka.

Nami nilicheka. Niliiona kwa mara ya kwanza mnamo mwaka 1994 katika bwalo la shule ya bweni, jioni ya Jumamosi, meza zikiwa zimesogezwa ukutani na runinga moja ikiwa imewekwa juu ya viti viwili vilivyopandanishwa. Tulikuwa yapata mia tatu. Wengi wa wasomaji wa jarida hili wa umri wangu wana bwalo lao la namna hiyo, kwa kuwa ni filamu chache zilizozunguka katika shule za Afrika Mashariki kama hiyo. Tulimwona Xi akiokota chupa ya Coca-Cola iliyotupwa kutoka kwenye ndege, tukaona jinsi kitu kimoja kinavyoleta wivu na ugomvi katika jamii yake, tukamfuata akienda kuitupa mwisho wa dunia. Baada ya hapo, kwa majuma mengi, tuliigiza midoko ya lugha yake katika foleni ya uji. Hilo la midoko nitalirejelea.

Sasa tuitazame filamu kama wahakiki. Mtunzi wake, Jamie Uys wa Afrika Kusini, aliiandika, akaiongoza na kuitayarisha kazi yake kwa ustadi usiopingika. Inafungua kwa sauti ya msimulizi maizi, sauti ya upole na uhakika, katika mtindo wa filamu za elimu kuhusu wanyama na mazingira. Sauti hiyo inatuambia kwamba watu wa Kalahari wanaishi mbali na ulimwengu, hawana sheria, hawana polisi, hawajui umilikaji. Mtindo wa filamu ya elimu ndio unaotushawishi, kwani hatujiulizi iwapo tunadanganywa na sauti inayotueleza urefu wa majani na uhaba wa maji. Kisha, Xi anapofungua kinywa, msimulizi yule yule ndiye anayetuambia anachowaza. Sehemu kubwa ya maneno yake mwenyewe hatutafsiriwi kabisa. Mhusika mkuu wa filamu ana lugha, lakini katika usimulizi lugha hiyo imefanywa kuwa sauti ya mazingira, kama mlio wa ndege. Haya hayakuletwa na kupita kwa miaka. Ni uamuzi wa kifani uliofanywa mezani kabla ya sisi kuingia bwaloni.

Watetezi wa udhuru wa wakati watatuambia kwamba nyakati zile watu hawakujua. Nani hawakujua? Katika mwaka ule ule wa 1980, John Marshall, ambaye alikuwa amewapiga picha watu wa jamii ya Ju/'hoansi tangu miaka ya 1950, alitoa filamu yake ya hali halisi, N!ai, the Story of a !Kung Woman. Ndani yake mnaonekana makazi ya Tjum!kui, katika eneo ambalo leo ni kaskazini-mashariki mwa Namibia: watu waliokusanywa mahali pamoja chini ya utawala wa Afrika Kusini, wanaogombania chakula, wanaougua, wanaoandikishwa jeshini. Na mnaonekana pia, katika filamu hiyo hiyo, kikosi cha Uys kikipiga picha zake. Yaani kamera mbili zilisimama mahali pamoja. Moja iliona jamii iliyopokonywa ardhi na kuzingirwa na jeshi. Nyingine ikaona watu wasiowahi kuonana na ulimwengu. N!xau mwenyewe, aliyeigiza nafasi ya Xi, alikuwa amewahi kufanya kazi ya upishi shuleni huko Tjum!kui. Hakuwa mtu aliyeokotwa nyikani. Alikuwa mwigizaji, na alifundishwa kuigiza mshangao mbele ya chupa.

Filamu ilipofika Marekani mwaka 1984 na kuvuma mno, wapinzani wa siasa za ubaguzi wa rangi walijitokeza kuipinga, na wanaanthropolojia wakaandika wakieleza ilivyoificha hali ya Wasan. Ilikuwa imeuzwa ughaibuni kwa jina la Botswana, jambo lililoisaidia kuukwepa mgomo wa kitamaduni dhidi ya Afrika Kusini. Mtu haukwepi mgomo usiokuwapo. Walioiuza walijua vyema ni nyakati gani walimokuwa wakiishi.

Lakini tuendelee mbele kidogo, kwani kuna jambo ambalo wote wawili, mkosoaji na mtetezi, hulipita bila kuliona. Sehemu ya pili ya kisa inahusu kundi la wapiganaji wa msituni wanaoongozwa na Sam Boga. Wanajaribu kuliua baraza la mawaziri, wanashindwa, wanatoroka, wanamteka mwalimu mzungu pamoja na watoto wa shule. Ni wazembe, wanajikwaa, silaha zinawashinda. Xi, ambaye amefungwa kwa kosa la kupiga mshale mbuzi asiye wake, anatolewa gerezani aje awe msoma nyayo wa mwanabiolojia mzungu, na hatimaye ndiye anayewapunguza nguvu wapiganaji hao kwa vishale vya dawa ya usingizi. Bwaloni tulishangilia. Sasa tukumbuke kwamba katika miaka ile ile, na katika nchi ile ile, jeshi la Afrika Kusini lilikuwa limewaunda Wasan kuwa vikosi, likiwatumia kwa umahiri wao wa kusoma nyayo, ili wawasake wapiganaji wa SWAPO waliodai uhuru wa Namibia. Uhuru huo ulipatikana Machi 1990. Kwa hiyo kilele cha vichekesho hivi ni sera ya kijeshi iliyovuliwa magwanda na kuvikwa kiuno cha ngozi. Sisi watoto wa nchi iliyopata uhuru wake baada ya vita vya msituni tuliipigia makofi sera hiyo, tukiwa na vikombe vya plastiki mikononi.

Je, mwenzetu anayesema "imezeeka" aliliona hilo? Simsikii akilitaja. Alichokiona ni kwamba utani umechacha, na kuchacha kwa utani si hoja.

Nimgeukie sasa mwenzetu wa pili, wa kicheko cha utotoni. Namkubalia zaidi ya anavyodhani. Nilipoitazama upya nilicheka tena, hasa pale gari bovu lisilo na breki linapomlazimu dereva kukimbia kulifungulia lango na kulirukia kabla halijamwacha. Picha zimeharakishwa, mwendo umepimwa kwa kipimo cha sinema bubu za zamani, na hata leo mbavu hazina ujanja. Ukweli huo hauitetei filamu. Unatuonyesha inavyofanya kazi. Kicheko cha gari ndicho kinachotulegeza, na tunapofika kwa Sam Boga tumekwisha kuwa na mazoea ya kucheka kila anayeanguka. Anayetutaka tukiache kicheko chake bila kukichunguza anatunyima ushahidi bora kabisa tulio nao, kwa maana hakuna hati nyingine inayoonyesha jinsi itikadi ilivyoingia vifuani mwetu.

Wala mhukumu asidhani kwamba amesalimika. Akisha kutamka kwamba filamu ni ya kibaguzi, huifunga na kuitupa, na pamoja nayo humtupa N!xau. Mtu huyu alilipwa kiasi duni kwa filamu ya kwanza, akaja akadai na kupata malipo makubwa zaidi kwa ya pili, ile ya 1989, kisha akarudi nyumbani Namibia na kufa huko mwaka 2003. Mahesabu ya mwili wake, muda wake katika vichekesho, uso wake usiosema mapema mno, ni sanaa. Mhakiki anayemwona kuwa mwathiriwa tu amelirudia kosa la msimulizi maizi kwa adabu zaidi.

Kwamba inawezekana kurejelea kazi ya zamani na kuikana kwa hoja, tunaye Paul Robeson. Mwaka 1935 aliigiza katika Sanders of the River, filamu ya Zoltan Korda iliyotengenezwa Uingereza, ambamo Jomo Kenyatta, wakati huo akiishi London, alipata nafasi ndogo ya kuigiza. Robeson aliingia akitumaini kwamba utamaduni wa Kiafrika ungeonyeshwa kwa heshima. Alipoiona filamu ilivyokamilishwa, alikuta imekuwa wimbo wa sifa kwa dola ya Kiingereza. Aliikana. Hakusema imezeeka. Alisema kilichofanywa, aliyekifanya, na sehemu yake yeye mwenyewe katika kukifanya. Na Marcus Garvey hakuhitaji kungoja miaka hamsini ili amlaumu; alimlaumu katika miaka hiyo hiyo ya 1930.

Pengine msomaji atauliza haya yanatuhusu nini sisi wa fasihi ya Kiswahili. Yanatuhusu, kwani lugha ya udhuru imekwisha kuingia katika tasnifu zetu. Mwanafunzi wa uzamili anafika kwenye Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka 1934, anakuta sifa zilizomiminiwa Waingereza, anaandika kwamba "mwandishi alikuwa mtoto wa wakati wake", halafu anavuka kwenda sura inayofuata. Mtahini anaweka alama ya vyema. Kana kwamba wakati huo ulikuwa na mtoto mmoja tu! Wakati wo wote una watoto wengi, na aghalabu hawapatani. Swali la uhakiki ni kwa nini huyu alisimama hapa na ndugu yake akasimama kule. Ni nani aliyekichapisha kitabu, nani aliyekipeleka darasani, na darasa lilifundishwa kukipenda kwa njia gani. Mimi sentensi hiyo huikata kwa wino mwekundu, na najua nasemwa kwa ajili hiyo.

Mwaka jana niliwaonyesha wanafunzi wangu wa uzamili filamu hii ya Uys, wote wakiwa wamezaliwa baada ya ubaguzi ule kuanguka, na wengi wao wakiwa hawajawahi kuiona. Kwenye gari walicheka. Kwa Sam Boga baadhi yao walicheka. Katika onyesho moja Xi anazungumza kwa kirefu na msimulizi amenyamaza, hapo mwanafunzi mmoja akaniomba nisimamishe picha, akauliza, "Mwalimu, huyu anasema nini?" Sikuwa na jibu. Miaka thelathini iliyopita tulikuwa mia tatu katika bwalo, tuliyaiga maneno hayo kwa midoko kwa majuma mengi, na hakuna aliyeuliza.