Baada ya Mafuriko, Si Kila Homa ni Malaria

Kila masika mitaro ikiziba, vijana wa mtaani kwetu huingia majini miguu mitupu kuzibua taka. Sisi wengine husimama barazani tukiwashukuru. Wakati wa mafuriko ya El Nino, mwishoni mwa 2023, mmoja wao, jirani yangu, alishikwa na homa wiki moja baadaye. Zahanati aliyokwenda ilimpima malaria, haikuonekana, lakini akapewa dawa za malaria vivyo hivyo, na dawa ya maumivu juu yake. Siku ya tano macho yalikuwa manjano na figo zimeanza kushindwa.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa leptospirosisi. Wenzetu wa Tanzania wanaujua kama homa ya mgunda tangu Julai 2022, Wizara ya Afya yao ilipotangaza wagonjwa 20 mkoani Lindi, watatu wakiwa wamefariki.

Bakteria wake huishi ndani ya figo za panya bila kumdhuru. Hutoka na mkojo, huingia kwenye maji na tope, kisha humwingia mtu kupitia mchubuko, macho au mdomo. Mwilini husafiri na damu hadi kwenye vijifereji vya figo na kuvivimbisha. Hila yake ni kwamba mgonjwa anaweza kuendelea kukojoa kama kawaida, hata kupita kiasi, huku sumu zikijaa kwenye damu. Kwa hivyo kukojoa si ushahidi kuwa figo ni nzima. Ushahidi ni kipimo cha damu cha kreatinini.

Dawa zake si adimu. Aliye na hali nafuu hupewa doksisaiklini au amoksilini, na aliyezidiwa huchomwa penisilini au seftriaksoni kwenye mshipa. Daktari makini akishuku huanza tiba bila kungoja majibu yote, maana siku za mwanzo kipimo cha kingamwili aghalabu hakionyeshi kitu. Maji ya dripu hutolewa kwa kipimo. Diklofenaki na ibuprofeni, tunazojinunulia kila kiungo kikiuma, ziepukwe kwani huziongezea figo mzigo.

Figo zikisimama, mgonjwa husafishwa damu kwa mashine. Hapa watu wetu hukata tamaa, wakidhani akishaingia kwenye mashine hatoki tena. Huyu si kama mwenye figo zilizochakazwa na kisukari kwa miaka. Akiwahiwa, mara nyingi figo hurudi kufanya kazi baada ya siku au wiki kadhaa. Jirani yangu alirudi, alhamdulillahi, ila familia ilikuwa imeshauza mbuzi wote.

Ndipo ninapouliza: kwa nini tufike kwenye mashine kwa ugonjwa unaotibika kwa vidonge vya bei nafuu? Kaunti zetu zizoe taka na kuzibua mitaro kabla ya mvua, na vijana wanaoifanya kazi hiyo wapewe gambuti na glavu. Zahanati nazo, malaria isipoonekana, zimuulize mgonjwa swali moja: uliingia kwenye maji ya mafuriko?

Nawe ndugu yangu, usingoje kuulizwa. Ukishikwa na homa baada ya mafuriko, mwambie daktari mwenyewe ulikopita.