Hesabu ya Saa za Injini

Umeme ukosekanapo jioni huku Mokambo, katika njia iendayo Mufulira ng'ambo ya mpaka, husikika ngurumo za injini ndogo za petroli. Moja humpa kinyozi umeme wa mashine yake, nyingine huendesha jokofu la mama muuza samaki, nyingine huvuta maji ya kumwagilia mboga. Injini ya namna hiyo hununuliwa kwa akiba ya muda mrefu. Ikifa, ada ya shule ya watoto hupotea pamoja nayo. Nasi twaona kwamba nyingi hufa mapema, wala si kwa uzee.

Sababu ya kwanza ni hesabu mbaya. Vijitabu vya nyingi katika injini hizi hufanana maneno: oili ibadilishwe baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100 au kila miezi 6, lolote litakalotangulia. Msomaji mwenye haraka huishika miezi, akazisahau saa. Basi ninyi wanafunzi, twaeni kalamu. Injini ifanyayo kazi saa 4 kila jioni hutimiza saa 28 kwa juma, na saa 100 hutimia kabla ya juma la nne kwisha. Angojaye miezi 6 atakuwa ameitumikisha oili ile ile zaidi ya saa 700! Gari liendalo kilometa 50 kwa saa, likitembea saa 100, limekwenda kilometa 5,000, na mwenyewe hulipeleka kwa fundi. Lakini injini ya nyumbani imesimama mahali pamoja, kwa hiyo hudhaniwa haichoki. Kumbe ile ya jenereta huzunguka mara 3,000 hivi kwa dakika. Yaani katika kila sekunde pistoni hupanda na kushuka mara 50. Daftari moja, na mtoto wa kuandika saa za kila jioni, vyatosha.

Oili ya zamani humwagwa injini ikiwa na joto kidogo, maana hapo hutiririka pamoja na uchafu wake. Mpya iwe ya aina iliyotajwa kitabuni, nayo ipimwe kila siku kabla ya kuwasha, injini ikiwa imekaa sawasawa bila kuinama. Ile chafu isimwagwe karibu na kisima.

Adui wa pili ni vumbi. Kuanzia mwezi wa 5 mvua hukatika, na malori hutimua vumbi mchana kutwa. Sasa fikirini: ili kuunguza litra 1 ya petroli, injini huvuta litra zipatazo 9,000 za hewa, na mlinzi wake ni kipande cha sponji tu. Vumbi likimpita, hukwangua silinda kama msasa. Vijitabu husema chujio hilo lisafishwe kila saa 50, lakini penye vumbi kila saa 10. Kwa injini yetu ya jioni, hiyo ni mara mbili au tatu kwa juma. Sponji huoshwa kwa sabuni na maji ya vuguvugu, hukaushwa kabisa, hutiwa matone ya oili safi, kisha hukamuliwa. Chujio la karatasi halioshwi, hukung'utwa tu. Wako waliotupa chujio lililoziba ili injini ipumue vizuri. Ni kweli hupumua. Kisha huanza kutoa moshi wa samawati na kula oili.

Plagi, au buji kama mafundi wetu waitavyo, hueleza hali ya ndani. Ncha yake ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, mambo ni mema. Ikiwa nyeusi na kavu, petroli imezidi hewa, na mara nyingi chujio ndilo lililoziba. Ikiwa imelowa oili, pete za pistoni huenda zimelika, naye fundi aitwe.

Jambo moja zaidi lahusu walio ndani ya nyumba. Kwa kuogopa wezi, wengine huwasha jenereta ukumbini au chumbani. Moshi wake una kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika nafasi ya oksijeni katika damu. Watu hulala wasiamke, hata dirisha likiwa wazi. Injini ikae nje, umbali wa meta 6 au zaidi, bomba la moshi likielekea mbali na milango na madirisha. Kwa ajili ya wezi, mnyororo na kufuli hufungwa hata kwenye mti. Tena petroli isiongezwe injini ikiwa inanguruma au ingali moto, wala kwa mwanga wa mshumaa. Tangi lijazwe kabla ya giza kuingia.