Upepo wa ziwani humpeleka mtoto, haumrudishi

Shule zikifungwa mwezi Juni, mabasi yanayotoka Kibondo na Kasulu kuteremka Kigoma hujaa watoto. Wanakwenda kwa shangazi, kwa mama mdogo, kwa babu Ujiji. Mzazi humfungia mwanawe maharage ya kupeleka na kumpa wosia: awe na adabu, asizurure. Kuhusu ziwa mara nyingi hasemi neno, kwa sababu naye amekulia milimani.

Mtoto wa huku juu anajua mto. Mto una kingo mbili, na anayechukuliwa na maji aweza kudaka mzizi ng'ambo. Ziwa Tanganyika ni jambo jingine. Upana wake ni wastani wa kilometa 50, na penye kina kirefu zaidi hufika takriban meta 1,470.

Juni ni mwezi wa upepo pia. Kuanzia Mei hadi Septemba huvuma sana kutoka kusini-mashariki. Kigoma iko upande wa mashariki wa ziwa, kwa hiyo upepo huo waweza kusukuma kila kinachoelea kuelekea Kongo. Karibu na nchi kavu vilima hukinga na maji huonekana shwari. Mtoto aliyekalia dumu, tyubu ya tairi au ubao hufurahi kuona anateleza bila kutumia nguvu. Akigeuka ndipo anapojua kwamba kurudi ni kazi ya mtu mzima.

Duniani kuna watu wanaoutafuta upepo wa namna hiyo makusudi. Husimama juu ya ubao mrefu wakiwa na kafi mkononi, wakaacha upepo na mawimbi viwasukume kwa nyuma. Mashindano yao maarufu huko Hawaii hutoka kisiwa cha Moloka'i hadi O'ahu, kilometa zipatazo 51. Lakini hata bingwa haruhusiwi kwenda peke yake: kila mshindani lazima awe na boti ya kumsindikiza. Ikiwa bingwa anasindikizwa, mtoto wa darasa la tano aachweje peke yake?

Wanaoupenda mchezo huo hupanga mwisho kabla ya mwanzo. Hujua watatokea wapi, na nani anawasubiri huko. Kwenye pwani ya miamba jambo hili ni kubwa zaidi, kwa kuwa wimbi humbamiza mtu kwenye jiwe, na pa kutokea ni pale penye mchanga tu. Huvaa jaketi okozi na kufunga ubao mguuni kwa kamba. Upepo ukizidi, hupiga magoti au kulala kifudifudi ili usiwasukume sana. Na hawauachi ubao kamwe wakajaribu kuogelea, maana ubao unaelea na mtu huchoka.

Hilo la mwisho kila mtoto aambiwe kabla hajapanda basi: akichukuliwa na maji, ang'ang'anie kinachoelea, apunge mkono, apige kelele. Mwenyeji naye apigiwe simu na aulizwe waziwazi: mtoto ataogelea wapi, pana mamba au viboko, na mtu mzima gani atakuwa anamtazama? Wavuvi wa dagaa wanaijua hali ya ziwa. Wakivuta mitumbwi nchi kavu, mtoto naye atoke majini. Wenzake walio ufukweni wasimfuate majini, bali wamrushie dumu tupu lililofungwa kamba na kumwita mtu mwenye mtumbwi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, karibu robo yao watoto wa chini ya miaka 5. Likizo bila ziwa si likizo kwa mtoto anayekwenda Kigoma, na hakuna haja ya kumnyima. Simu ya dakika tano kwa shangazi itamrudisha nyumbani na migebuka yake mkononi.