Maumivu ya mgongo na bangi: tusifichane

Wafanyakazi wenzangu,

Wengi wenu huja kwenye dispensari na mgongo unaouma kwa kupasua mawe na kubeba magunia. Wengine huninong'oneza: «Ndugu, vidonge havinifai. Navuta bangi kidogo ndipo napata usingizi.» Mbele ya daktari hawasemi neno. Wanaogopa kufokewa.

Huuliza pia: «Mbona jirani zetu wameikubali?» Ng'ambo ya Ruzizi, mwaka 2020, serikali ya Rwanda iliruhusu bangi ilimwe kwa ajili ya dawa za kuuzwa nje. Haikuruhusu raia kuivuta. Kwetu Kongo sheria inaikataza.

Madaktari wenyewe hawajapatana. Mwaka 2021 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kilisema ushahidi bado hautoshi. Mwaka huohuo wataalamu wengine walikubali ijaribiwe kwa maumivu sugu yaliyoshinda dawa za kawaida, lakini isivutwe.

Mimi naona hivi: daktari anayefoka hamponyi mgonjwa, anamfundisha kuficha. Na anayeficha hushuka shimoni akili ikiwa nzito, huku mashine inazunguka. Akikosea, anaumia yeye pamoja na mwenzake asiyevuta kitu.

Basi daktari aulize kwa upole. Nawe mfanyakazi, sema ukweli kabla ya kushuka. Mgongo hutunzwa kwa kazi nyepesi kwa muda, mazoezi, na dawa yenye kipimo.

Ugonjwa uliofichwa hautibiki. Tusifichane!