JINO LAKO NA CHETI CHA MGANGA

Siku ya soko pengine huonekana mtu ameketi chini ya mti, na mbele yake kitambaa kilichotandazwa. Juu ya kitambaa mna koleo, chupa ya dawa na safu ya meno yaliyokwisha kung'olewa. Maneno yake ni matamu na ujira wake ni mdogo. Mkulima aliyekosa usingizi siku tatu kwa ajili ya gego hapendi maswali mengi. Hufungua kinywa, kazi ikafanyika. Hata hivyo, yafaa aulize swali moja kwanza: mtu huyu ameruhusiwa na nani?

Wako wanaodhani kwamba cheti cha daktari wa meno ni hila ya kukusanya ada tu. Sivyo. Chombo kisichotakaswa sawasawa huweza kuhamisha homa ya ini au virusi vya UKIMWI kutoka damu ya mtu mmoja hata ya mwingine. Usaha wa jino usipotibiwa ipasavyo huweza kushuka shingoni, ukaziba njia ya pumzi na kuua. Hata sindano ya ganzi yamtaka mtu ajuaye kipimo chake, tena ajuaye kuuliza habari za moyo na kisukari kabla ya kuidunga. Mgonjwa mwenye maumivu hawezi kuyapima hayo yote akiwa kitini. Hapana budi yapimwe mapema kwa niaba yake, na hiyo ndiyo maana ya cheti.

Uingereza ilijifunza jambo hili kwa taabu. Sheria ya mwaka 1878 iliweka daftari la madaktari wa meno, ikamkataza mtu asiyeandikwa humo kujiita kwa jina hilo. Lakini kazi yenyewe haikukatazwa. Basi wasiosoma waliliacha jina wakashika koleo. Waliandika maneno mengine mlangoni, wakaendelea kung'oa. Sheria ililinda jina, haikulinda kinywa. Hali hiyo ilidumu miaka 43, mpaka sheria ya mwaka 1921 ilipoikataza kazi yenyewe kwa asiyeandikwa. Wale waliokuwa wameifanya kwa miaka kadhaa, wenye tabia njema, walipewa nafasi ya kuandikwa ili wasipoteze riziki kwa ghafula. Bali kwa wageni wasio na elimu mlango ulifungwa.

Kenya nayo ina sheria yake, ambayo ni Sura ya 253, iliyotungwa mwaka 1977. Halmashauri iliyowekwa kwa sheria hiyo iligeuzwa kuwa Baraza katika mwaka 2019. Kijana atakaye kuwa daktari wa meno husoma miaka 5 katika Chuo Kikuu, kisha hufanya kazi mwaka 1 chini ya macho ya wakubwa wake kabla ya kuandikwa. Hata akiisha kuandikwa, leseni yake hudumu mwaka mmoja tu, na sharti aonyeshe kwamba hakuacha kujifunza. Nyumba ya matibabu nayo yahitaji leseni yake yenyewe. Daktari akikosa, mgonjwa aweza kupeleka mashtaka kwa Baraza, nalo laweza kumsimamisha au kulifuta jina lake. Mtu wa chini ya mti hana daftari la kufutwa. Akiharibu taya la mtu, kesho yu katika soko jingine.

Mkulima atajibu kwamba daktari yu mbali na fedha ni chache. Jibu hilo ni la haki, wala si la kudharauliwa. Lakini na ahesabu vema. Nauli ya kwenda hospitali hulipwa mara moja. Taya lililovunjika, au mzizi uliobaki ndani ukaoza, hulipiwa miezi mingi, na shamba hukaa bila mwenyewe. Rahisi ni ghali. Tena katika hospitali za Serikali wako maofisa wa afya ya kinywa waliofunzwa kazi hiyo, wanaoweza kumsaidia mgonjwa au kumwelekeza kwa daktari.

Wazazi wajihadhari zaidi. Mtoto mchanga akishikwa na homa na kuhara, wako wanaosema kwamba ana meno mabaya ndani ya ufizi, nao huyachimbua kwa ncha ya chuma. Hayo si meno mabaya, bali ni meno yake halisi yanayoanza kukua. Mtoto huyo huhitaji maji na daktari, wala si chuma.

Basi mwenye jino bovu aangalie ukutani, asome jina na mwaka wa leseni. Karani mwenye simu aweza kulitafuta jina hilo katika daftari la Baraza kwa intaneti, na kumsaidia jirani asiyejua kusoma. Daktari wa kweli hachukii kuulizwa cheti chake. Achukiaye swali hilo amekwisha kulijibu.